Fursa za Mwalimu wa Kiswahili Zikitazamwa Kutoka Puge

Utangulizi

Barabara ya lami itokayo Nzega kwenda Tabora ilijengwa kwa vipande viwili, na vipande hivyo hukutana Puge. Kipande cha Nzega hadi Puge kina urefu wa takribani kilomita 59, na kile cha Puge hadi Tabora takribani kilomita 56. Puge basi, ambayo ni kata ya Wilaya ya Nzega, iko karibu katikati ya safari hiyo, na kwa wasafiri wengi ni jina linalopitwa dirishani. Mhadhara huu unalifanya jina hilo kuwa mahali pa kusimama ili kutazama suala ambalo aghalabu hutazamwa kutoka Dar es Salaam, Zanzibar, Nairobi au Ulaya. Suala hilo ni fursa za kitaaluma za mwalimu wa lugha, pamoja na mikutano ambamo fursa hizo hutangazwa, hujadiliwa na kugawanywa.

Hoja inayotetewa ni hii: mwalimu wa Kiswahili katika shule ya msingi ya kata kama Puge hufundisha lugha ya pili. Wengi wa watoto wa sehemu hizo hufika darasa la kwanza wakiwa na Kinyamwezi au Kisukuma kama lugha ya nyumbani. Kazi ya mwalimu huyo kwa hiyo ni jamaa ya karibu ya kazi ambayo kwingineko huitwa ufundishaji wa Kiswahili kwa wageni, kazi yenye kozi zake, vyeti vyake na makongamano yake. Tofauti ni kwamba yeye hapewi jina hilo, wala kozi, wala cheti. Aidha, nchi ambazo katika miaka ya karibuni zimeonyesha nia ya kukiingiza Kiswahili katika shule zao, zikiwemo Uganda, Rwanda na Afrika Kusini, zinahitaji hasa ujuzi alio nao mwalimu huyo, yaani ujuzi wa kumfundisha Kiswahili mtu ambaye tayari anasema lugha nyingine ya Kibantu.

Njia ya misafara kama shule

Si ajabu kwamba hoja hii inatoka Unyamwezi. Katika karne ya 19 Tabora, ambayo sehemu yake moja ilijulikana kama Kazeh, ilikuwa njia panda ya bara. Njia kuu kutoka Bagamoyo ilifika hapo baada ya kupita Ugogo. Kutoka hapo njia moja ilielekea Ujiji na Kongo, na nyingine ilikwenda kaskazini kuelekea Nyanza, ikipita katika nchi za Wanyamwezi na Wasukuma. Burton na Speke walitoka pwani mwezi Juni 1857 wakafika Kazeh tarehe 7 Novemba, zaidi ya miezi minne njiani. Mwaka uliofuata Speke aliifuata njia ya kaskazini hadi akaliona ziwa.

Vitabu vya historia hukumbuka zaidi majina ya wasafiri hao kuliko ya wapagazi. Hata hivyo, kwa mwanafunzi wa lugha, wapagazi ndio habari yenyewe. Wanyamwezi walishuka pwani kwa makumi ya maelfu, wakabeba pembe kwenda na nguo na shanga kurudi, na katika miezi hiyo ya kutembea, kupiga kambi, kugawana posho na kugombana juu ya mizigo walijifunza Kiswahili. Hawakukuta mwalimu mwenye ubao. Aliyejua alimfundisha asiyejua, na aliyejua mwenyewe alikuwa ameijifunza lugha hiyo ukubwani, safari moja au mbili kabla. Yamkini hakuna shule ya lugha ya pili katika Afrika Mashariki iliyowahi kuwa na wanafunzi wengi kuliko ile, na ilikuwa shule ya Wabantu wakifundishana lugha ya Kibantu.

Wafanyabiashara wa pwani nao waliweka makazi Tabora. Baba yake Tippu Tip, Muhammed bin Juma, aliishi Ituru karibu na Tabora na kumwoa Karunde, binti wa mtemi Fundikira. Maisha ya Tippu Tip, aliyoyasimulia mwenyewe kwa Kiswahili na ambayo Mjerumani Heinrich Brode aliyachapisha mwanzoni mwa karne ya 20, ni ushahidi wa jinsi lugha hiyo ilivyokuwa imetosha kueleza vita, ndoa na hesabu za biashara za bara zima. Kiswahili cha Tabora kilikuwa tayari kimeshika mizizi kabla ya mkoloni kukiona kuwa chombo cha utawala.

Mwalimu aliyeitwa ng'ambo

Mjerumani alipohitaji maofisa wanaojua lugha iliyoenezwa na njia hiyo, ndipo ilipozaliwa fursa ya kwanza ya kitaaluma ya mwalimu wa Kiswahili ng'ambo. Mwaka 1887 ilifunguliwa mjini Berlin Seminari ya Lugha za Mashariki, na Kiswahili kikawa mojawapo ya masomo yake. Seminari hiyo ilikuwa na desturi ya kumweka mtaalamu wa Kijerumani kuwa mkuu wa somo, na chini yake mzawa wa lugha kuwa mwalimu wa mazoezi. Kutoka Zanzibar waliitwa Sleman bin Said na baada yake Amur bin Nasur, aliyekuwa huko tangu 1891 hadi 1895. Mwaka 1900 alifika Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo.

Habari ya Mtoro inastahili kukaliwa kidogo, kwa sababu mambo yaliyompata hayajaisha. Alikuwa mwalimu kabla ya kwenda Ulaya; alisoma Kurani na elimu ya dini, na aliijua jamii yake kwa kina. Maandishi yake ndiyo uti wa mgongo wa kitabu cha Desturi za Wasuaheli kilichotoka mwaka 1903, lakini jina lililowekwa mbele lilikuwa la Carl Velten, msimamizi wake. Katika darasa lake walikuwamo wanafunzi walioona taabu kumheshimu mwalimu Mwafrika, na mkataba wake Berlin ukaisha katika hali ya uchungu. Mwaka 1905 alijaribu kurudi nyumbani pamoja na mkewe Mjerumani, watawala wakamzuia kushuka naye, ikabidi arejee Ujerumani. Baadaye alifundisha Hamburg. Alifariki mwaka 1927 bila kuiona tena Bagamoyo.

Mgawanyo ule wa Berlin, wa mgeni anayemiliki sarufi na mzawa anayemiliki matamshi tu, ndio urithi ambao kila fursa ya ng'ambo inapaswa kupimwa nao. Swali la kuuliza si kama kuna nafasi, bali ni nafasi ya nini. Je, mwalimu anaitwa ili afundishe, au anaitwa ili asikike?

Mtoto wa Puge haji mtupu

Ili kujibu swali hilo ni lazima kueleza mwalimu wa Puge anajua nini ambacho wengine hawakijui. Hapa inafaa kuzama kidogo katika isimu.

Mtoto asemaye Kinyamwezi huja shuleni na utajiri mkubwa. Anazo irabu saba, ilhali Kiswahili kina tano. Anapambanua irabu fupi na ndefu. Anatumia toni, ambayo Kiswahili hakina. Ana mfumo kamili wa ngeli za nomino pamoja na upatanisho wake, na zaidi ya hapo anazo ngeli za udogo, ka- na tu-, ambazo Kiswahili Sanifu kimeziacha na kuipa ki- na vi- kazi hiyo. Anapambanua wakati uliopita wa karibu na wa mbali, jambo ambalo Kiswahili hulieleza kwa -li- moja tu pamoja na maneno ya wakati. Sarufi ya Kinyamwezi iliyoandikwa na Clement Maganga wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa kushirikiana na Thilo Schadeberg, ikachapishwa mwaka 1992, inayaonyesha mambo haya kwa uwazi. Bahati mbaya ilichapishwa Cologne, na kwa Kiingereza. Mwalimu wa shule ya msingi ambaye ingemfaa kuliko mtu yeyote ndiye wa mwisho kuweza kuipata.

Kwa mtoto huyo munhu na banhu zimekwisha kumwandalia mtu na watu. Upatanisho wa watoto wadogo wanacheza haumshangazi hata kidogo. Angeshangaa kama usingekuwapo. Kinyume chake, vitabu vingi vya Kiswahili kwa wageni vimeandikwa kwa ajili ya wasemaji wa Kiingereza na lugha nyingine za Ulaya, na vinatumia sura baada ya sura kuitetea dhana ya ngeli kana kwamba ni muujiza. Mwalimu anayefuata kitabu cha aina hiyo mbele ya Mnyamwezi humchosha mwanafunzi kwa yale anayoyajua na kumwacha peke yake katika yale yasiyojulikana kwake.

Yasiyojulikana ni yapi? La kwanza ni sauti. Kinyamwezi kina l, lakini hakitumii r kuwa kitamkwa tofauti kinachobadilisha maana. Matokeo yake husikika darasani na huonekana katika madaftari: kalamu inakuwa karamu na karamu inakuwa kalamu, mwananchi anakwenda kupiga kula, mahari inalipwa mahali, na fahali anageuka fahari. Mwalimu asiye na mafunzo ya lugha ya pili huliita jambo hili uvivu, au hulicheka, na mara nyingine huliadhibu. Mwalimu aliyezoea hulijua kwa jina lingine: ni mwanafunzi anayesikia sauti mbili kuwa sauti moja kwa sababu lugha yake ya kwanza haikumpa haja ya kuzitenga. Tiba yake ni masikio kwanza, ulimi baadaye, kalamu mwisho. Watoto husikilizishwa maneno mawili mawili yanayotofautiana kwa sauti hiyo moja, huonyesha kwa kidole picha inayohusika, na hawatakiwi kutamka mpaka wameweza kusikia. Walimu wenye uzoefu hufika kwenye mbinu za aina hii kwa kujaribu na kukosea, kila mmoja peke yake, darasani mwake.

La pili ni sauti zilizokuja na maneno ya Kiarabu: th, dh na gh. Thelathini hutamkwa selasini, na dhambi huwa zambi. La tatu, ambalo halitajwi vya kutosha, ni msamiati wenyewe wa asili ya Kiarabu. Maneno kama sababu, dakika, lakini, hesabu na sahihi hayana ndugu katika Kinyamwezi. Mtoto hawezi kuyakisia kama anavyoweza kukisia nyama, kulala au mkono. Kwa Mzungu anayejifunza Kiswahili, sarufi ni mlima na r si kitu. Kwa mtoto wa Puge, sarufi ni uwanda na mlima uko kwenye maneno haya.

Pamoja na hayo, sera ya elimu tangu mwaka 1967, Kiswahili kilipofanywa lugha ya kufundishia shule zote za msingi, imemchukulia mtoto huyu kama aliyezaliwa nacho. Nia yake ilikuwa njema, nayo ni kuijenga nchi moja. Lakini matokeo ya kitaaluma ni kwamba chuo cha ualimu humwandaa mwalimu wa lugha ya kwanza, kisha humpeleka akafundishe lugha ya pili.

Puge, Kampala, Kigali, Durban

Jambo linaloupa ujuzi huo thamani nje ya Wilaya ya Nzega ni hili. Katika Kiganda, l na r hazitofautishi maana: r huja baada ya irabu i na e, na kwingineko ni l. Wasemaji wa Kinyarwanda nao hawazitengi sauti hizo mbili. Katika Kizulu, r ni sauti ya maneno ya kukopa. Mwalimu wa Kiswahili atakayesimama mbele ya darasa mjini Kampala, Kigali au Durban atakutana na kalamu na karamu zile zile. Atakutana pia na wanafunzi ambao omuntu na abantu, au umuntu na abantu, zimekwisha kuwafundisha nusu ya sarufi ya Kiswahili kabla hawajamwona. Na atawakuta wamekwama mbele ya sababu, dakika na lakini.

Mahitaji katika nchi hizo si ya kubuni. Uganda iliifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili kwa marekebisho ya katiba ya mwaka 2005, na mwaka 2022 baraza lake la mawaziri likaazimia kifundishwe katika shule za msingi na sekondari. Rwanda ilikifanya kuwa lugha rasmi mwaka 2017. Afrika Kusini ilitangaza mwaka 2018 kwamba Kiswahili kitaingizwa miongoni mwa lugha za hiari shuleni. Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika (SADC) ilikifanya lugha yake rasmi ya nne katika mkutano wa Dar es Salaam wa Agosti 2019, na Umoja wa Afrika ulikipokea kuwa lugha ya kazi mwezi Februari 2022. Utekelezaji haufanani na matamko, na mwanafunzi anayetafuta ajira asisome tamko kama tangazo la kazi. Hata hivyo mwelekeo ni dhahiri: wanafunzi wapya wa Kiswahili watakuwa Waafrika, na wengi wao wasemaji wa lugha za Kibantu.

Kuna malalamiko yanayosikika sana Tanzania kwamba Wakenya wametangulia kuzichukua nafasi za kufundisha Kiswahili ng'ambo. Malalamiko haya yana ukweli ndani yake, lakini yanakosea sababu. Mwalimu wa Kenya mara nyingi amejifunza Kiswahili kama lugha ya pili, anajua alijifunzaje, na anaweza kukieleza kwa Kiingereza. Kudhani kwamba umilisi wa mzawa unatosha ni kurudi Berlin ya mwaka 1900 kwa hiari.

Milango iliyopo

Nafasi zilizopo kwa sasa ni za aina kadhaa, na hazilingani. Inayojulikana zaidi kwa vijana ni mpango wa Fulbright wa wasaidizi wa ufundishaji wa lugha za kigeni, ambao humpeleka mwalimu kijana katika chuo cha Marekani kwa mwaka mmoja wa masomo, akifundisha Kiswahili na kusoma masomo mengine. Ni nafasi nzuri. Humrudisha mwalimu nyumbani, jambo ambalo wapangaji wa elimu wanapaswa kulipenda. Lakini cheo chake ni cha usaidizi, na masharti yake, shahada ya kwanza na Kiingereza cha kutosha, yanamweka nje mwalimu wa stashahada aliye darasani Puge hata kama amefundisha kwa miaka ishirini.

Nyumbani kuna kazi ya kuwafundisha wageni wanaokuja nchini. Kikosi cha Amani cha Marekani, kilichoanza kuleta watu wake Tanganyika mwaka 1961, kimekuwa kikiajiri walimu wa Kitanzania kuwaandaa wageni hao. Shule ya lugha ya Makoko, Musoma, iliwafundisha wamisionari kwa miongo mingi. Zanzibar iliwahi kuwa na taasisi yake, TAKILUKI, ambayo kazi zake zimo sasa katika Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar. Dar es Salaam, Taasisi ya Taaluma za Kiswahili (TATAKI), iliyorithi kazi ya TUKI mwaka 2009, hupokea wanafunzi wa kigeni. Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA), lililoundwa mwaka 1967, huendesha mafunzo ya muda mfupi ya ufundishaji wa Kiswahili kwa wageni na kuwaandikisha wataalamu katika kanzidata. Kanzidata hiyo ni jambo la maana kuliko linavyoonekana, kwani anayetafutwa mtaalamu hutafutwa humo. Mwalimu ambaye jina lake halimo, kwa macho ya mwajiri wa nje, hayupo.

Tabora yenyewe haikuwa nyuma katika historia ya kazi hii. Shule ya Serikali ya Tabora ilifunguliwa mwaka 1925. Mwanafunzi wake mmoja, Julius Nyerere, alirudi mjini humo kufundisha St. Mary's tangu 1946 hadi 1949, kabla ya siasa kumchukua na kabla ya kuzitafsiri tamthilia mbili za Shakespeare. TMP Book Department ilichapisha mjini humo vitabu vingi vya Kiswahili. Leo katika mkoa huo kipo chuo kikuu kishiriki kinachoitwa kwa jina la Askofu Mkuu Mihayo, na katika Wilaya ya Nzega kipo Chuo cha Ualimu Ndala. Miundo basi ipo. Kilichokosekana ni kuiunganisha na suala hili.

Makongamano na umbali

Makongamano ya Kiswahili yameongezeka kiasi kwamba mtaalamu mwenye nauli anaweza kuyafuata mwaka mzima. Bayreuth, Ujerumani, wataalamu wamekuwa wakikutana tangu miaka ya 1980. TUKI ilifanya kongamano la jubilei yake mwaka 2005, ikikumbuka miaka 75 tangu kuanza kwa ile Kamati ya Lugha ya mwaka 1930. Wanafunzi wa vyuo vikuu vya Afrika Mashariki wana chama chao, CHAWAKAMA, na walimu na wapenzi wa lugha walioko ng'ambo wana CHAUKIDU. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, yenye makao Zanzibar, ilifanya kongamano lake la kwanza la kimataifa Septemba 2017. Mwezi Novemba 2021 UNESCO iliitenga tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, ikaadhimishwa kwa mara ya kwanza mwaka 2022. Novemba 2024 Kongamano la Kimataifa la Kiswahili lilifanyika Havana, Kuba.

Ni jambo la kufurahisha kwamba Kiswahili kimefika Havana. Puge, hata hivyo, iko mbali na mikutano hii yote, na umbali wenyewe si wa kilomita tu, ijapokuwa kutoka Tabora hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 800 kwa reli. Umbali mkubwa zaidi uko katika wito wa ikisiri. Wito huo humtaka mshiriki ataje nadharia, mbinu za utafiti na mapitio ya maandishi, kisha alipe ada. Mwalimu mwenye daftari lililojaa makosa ya l na r ya watoto mia mbili ana data ambayo msomi wa shahada ya uzamili angeisafiria, lakini hana fomu ya kuijaza. Matokeo yake, mada za makongamano kuhusu ufundishaji wa Kiswahili kwa wageni hujadili zaidi vyuo vya Marekani na Ulaya, na za ufundishaji wa shule za msingi huachiwa waandishi wa ripoti za elimu. Hakuna anayeyaweka mambo haya mawili mezani pamoja.

Njia ya kuanzia haihitaji chombo kipya. Wizara ya elimu imekwisha kuanzisha utaratibu wa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, MEWAKA, ambao huwakusanya walimu katika jumuiya za ujifunzaji shuleni na katika kata. Jumuiya hizo zinaweza kupewa somo moja mahususi kila muhula: mwezi huu sauti l na r, muhula ujao maneno ya asili ya Kiarabu. Kila mwalimu alete mifano kumi kutoka madaftari, aeleze alichojaribu, na aseme kama kilifaulu. Wanafunzi wa ualimu wa Ndala wanaweza kuinakili mifano hiyo wakati wa mazoezi ya kufundisha, na wanafunzi wa Kiswahili walioko Tabora mjini wanaweza kuipanga na kuichanganua kwa msaada wa sarufi ya Maganga, ambayo kwa njia hiyo ingefikia mikono iliyokuwa ikiingojea. Baada ya miaka miwili au mitatu kungekuwa na kitabu cha mwalimu wa Kiswahili kama lugha ya pili kwa Wabantu. Kitabu cha namna hiyo, chenye jina la mwalimu wa Puge juu ya jalada wala si katika shukrani, kingetakiwa Kampala na Durban mara moja.

Pingamizi moja lazima lijibiwe. Je, kumfungulia mwalimu huyu milango hakutaiacha shule yake bila mwalimu? Shule za vijijini tayari zina upungufu, na aliye hodari ndiye wa kwanza kuondoka. Pingamizi hili ni zito, na wanaosifu soko la Kiswahili duniani hulipita upesi mno. Jibu la sehemu ni kwamba ujuzi unaweza kusafiri bila mwenyewe kuhama: kitabu, kanda za sauti, na madarasa ya mtandaoni ya majuma machache kwa walimu wa Uganda au Afrika Kusini. Jibu la sehemu nyingine ni la utumishi. BAKITA na vyuo vikuu vinaweza kuutambua uzoefu wa kufundisha lugha ya pili vijijini kama sifa ya kupewa cheti, kwa mtihani wa darasani badala ya kozi ya kulipia mjini, na cheti hicho kikahesabiwa katika kupandishwa daraja hapo hapo Nzega. Mwalimu anayepanda daraja akiwa Puge ana sababu ya kubaki Puge. Anayeambiwa kwamba ujuzi wake utaonekana siku atakapovuka bahari, huyo ameonyeshwa njia ya stendi.

Lililobaki ni kuamua nani aanze. Kongamano lijalo la tarehe 7 Julai linaweza kutenga kikao kimoja kisicho na ada wala ikisiri kwa walimu wa shule za msingi wa mikoa isiyo ya pwani. Kila mmoja apewe robo saa, na atakiwe kuja na daftari moja la mwanafunzi.